Mwezi ukichomoza nyuma ya Nandi: unakuwa mkubwa kweli, au ni mimi?

Mlinzi wa Geti, Kisumu:

Hamjambo nyote. Mimi ni mlinzi wa usiku kwenye godauni moja hapa Kisumu, upande wa reli. Geti lile nimelilinda miaka kumi na mmoja. Naingia saa kumi na mbili jioni, natoka saa kumi na mbili asubuhi, na katikati hapo kazi yangu ni kutazama. Maswali yangu mawili yanahusu kutazama huko huko, na nimekaa nayo muda mrefu bila mtu wa kunifafanulia.

La kwanza ni hili. Geti letu linaelekea mashariki. Mbele yangu kuna uwanja wa malori, kisha reli, kisha mapaa ya mabati, na mbali kabisa vilima vya Nandi. Siku ya mwezi mpevu, jua likishazama nyuma yangu upande wa ziwa, mwezi nao unachungulia mbele. Hapo huwa mkubwa mno, mwekundu kama kaa la jiko linaloanza kufifia, na ukikaa juu ya vile vilima nauona kama ungo wa kupepetea mtama. Kufika saa sita usiku uko utosini, mweupe, mdogo, kama shilingi iliyoanguka. Na mwezi ni ule ule. Je, jioni huwa karibu nasi kisha unaondoka? Supavaiza mmoja niliyefanya naye kazi zamani aliniambia ni hewa ya chini inayoukuza, kama glasi ya maji inavyokuza kijiko. Nikaamini. Lakini juzi niliupiga picha kwa simu mara mbili, jioni na tena usiku wa manane, bila kuuvuta karibu. Asubuhi kijana wangu wa kidato cha tatu akaziweka hizo picha sambamba, akapima kwa rula juu ya kioo. Zililingana. Nikamwambia apime tena. Zililingana.

La pili ni zito zaidi kwangu. Sisi walinzi huambiana kwamba mbalamwezi inavuruga watu: wagomvi wanazidi kugombana, walevi wanapotea njia, mbwa hawalali. Nami naamini hivyo kwa sababu ya usiku mmoja wa mwaka 2019. Ilikuwa saa tisa usiku. Nilisikia kitu kimedondoka ndani ya ukuta, nikawasha tochi, nikamkuta kijana wa miaka ishirini hivi, miguu mitupu, shati limefungwa kombo, kifungo cha juu kimeingia tundu la pili. Hakukimbia. Aliketi kati ya malori mawili akalia, anamwita mama yake kwa Kiluhya, na hiyo ni lugha yangu. Rungu nililiweka chini. Nilimmiminia strungi kwenye kifuniko cha thamosi, akakishika kwa mikono miwili asinywe, mpaka chai ikapoa. Nikaketi naye juu ya tairi kuukuu hadi kulipokucha, ndugu zake wakapatikana. Hata leo nauona uso wake uking'aa kwa mwanga wa mwezi, na kivuli chake kimelala kwenye changarawe.

Tangu usiku huo, mwezi ukipevuka nakaza mkanda na kuuzunguka ukuta mara mbili zaidi. Naomba kujua sayansi imepata nini hasa. Mwezi unaingia kwenye akili ya mtu, au hauingii? Msiniambie tu kwamba ni ushirikina. Nataka kujua kilichopimwa.

Mwalimu wa Fizikia, Kakamega:

Mzee wangu, asante kwa swali lililoandikwa vizuri hivi. La kwanza nitalijibu mimi kwa sababu nalifundisha kila mwaka. La pili nawaachia wanaojua akili za watu.

Simu yako haikukosea. Mwezi una kipenyo cha kilomita 3,474, na kwa wastani uko kilomita 384,400 kutoka hapa. Ukipiga hesabu, upana wake machoni ni kama nusu digrii, uwe juu ya Nandi au utosini. Tena jioni uko mbali kidogo zaidi. Ukichomoza, wewe uko ubavuni mwa dunia. Ukifika utosini, dunia imeshakuzungusha ikakusogeza kwake kwa karibu kilomita 6,400, yaani nusu ya unene wa dunia yenyewe. Kwa hiyo ule ungo wa jioni ni mdogo kuliko ile shilingi ya usiku wa manane, kwa asilimia moja na nusu hivi. Jicho halitambui tofauti ndogo kiasi hicho.

Na hewa? Hewa inachuja mwanga wa bluu njiani, ndiyo maana mwezi unabaki mwekundu, kisha inaubonyeza kidogo toka juu na chini, ukawa kama yai lililolazwa. Kuupanua, haiupanui. Usimlaumu supavaiza wako: Ptolemy wa Aleksandria naye aliitaja hewa kuwa sababu, zaidi ya miaka 1,800 iliyopita, na watu wakamfuata kwa karne nyingi. Aliyelitoa jambo hili angani akalileta kichwani ni Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Kairo katika karne ya 11. Alieleza kwamba akili haipokei ukubwa ukiwa tayari umepimwa. Inapokea picha kutoka jichoni, kisha inajiuliza kitu hiki kiko mbali kiasi gani. Picha ikiwa ni ile ile na kitu kinadhaniwa kuwa mbali zaidi, akili inaamua kwamba lazima ni kikubwa. Sasa fikiria jioni pale getini. Malori, reli, mabati, vilima: kila kimoja kinakuambia kuna kingine nyuma yake, na mwezi uko nyuma ya vyote. Utosini huna cha kulinganisha nacho, ni giza tupu.

Kwa kuwa uko karibu na reli, jaribu hili mchana. Chora reli kwenye karatasi, mistari miwili inayokaribiana kadiri inavyopanda. Laza njiti mbili za kiberiti zenye urefu sawa, moja chini, moja kule juu mistari inakobanana. Ya juu itaonekana ndefu. Mwitaliano Mario Ponzo alielezea mchoro wa namna hiyo mwaka 1911, miaka kumi baada ya reli yenyewe kufika hapo kwenu Kisumu. Na mwaka 1962 Wamarekani wawili, Lloyd Kaufman na Irvin Rock, walitengeneza miezi ya bandia kwa taa na vioo, wakawa wanawaonyesha watu mmoja upeoni na mwingine juu angani. Wa upeoni ulionekana mkubwa kama mara moja na nusu. Walipoziba ardhi isionekane, mwezi wa upeoni ukanywea.

Lakini ubishi haujaisha, na hapa ndipo mimi hupenda sana somo hili. Mwulize mtu yeyote ule mwezi wa jioni uko wapi. Atakuambia uko karibu! Akili imetumia umbali kuukuza, kisha ikishauona mkubwa inasema basi u karibu. Wapo watafiti wanaosema kwa sababu hiyo maelezo ya umbali hayatoshi, na mimi nadhani wana haki ya kusema hivyo.

Nenda nayo kazini hii: chukua punje moja ya ndengu, ibandike kwenye ncha ya njiti ya kiberiti, nyoosha mkono wote, fumba jicho moja, ufunike mwezi. Fanya jioni, rudia saa sita. Halafu kunja gazeti liwe bomba, utazame mwezi wa jioni humo ndani bila kuona vilima. Utuandikie.

Boda, Mumias:

Mwalimu, ya macho nimekubali. Ya pili siyaachi. Mwezi unavuta bahari nzima, na mwili wa mtu sehemu kubwa ni maji. Mtasemaje haumvuti? Mimi nikibeba abiria siku za mbalamwezi naona wanavyobishana nauli.

Mama Omena, Dunga:

Ndugu yangu mlinzi, mimi sikusoma fizikia lakini mwezi naujua kwa mfuko. Nanunua omena hapa Dunga, nawaanika, nauza Kibuye. Omena huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi wanaweka taa juu ya maji, zamani karabai, siku hizi nyingi ni za sola, samaki wanaufuata mwanga, wavu unazungushwa. Mwezi ukipevuka, taa ya mvuvi haina kazi. Ziwa zima limewaka, omena hawana haja ya kukusanyika mahali pamoja. Kwa hiyo siku za mbalamwezi mitumbwi inalala ufuoni, wanaume wanashona nyavu, na mahali pangu pa kuanikia panabaki mchanga mtupu. Gorogoro inapanda bei.

Na kweli siku hizo watu hukosana hapa ufuoni, siwezi kukana. Deni la chama limefika na pesa hakuna. Mume aliyezoea kuwa majini usiku yuko nyumbani, anauliza kwa nini taa ya sebuleni inawaka. Nimesikia watu wakisema mwezi umewapanda kichwani. Mimi husema si mwezi, ni omena. Lakini nikikaa nikifikiri, omena hao si mwezi ndio uliowatawanya? Sasa mwenye elimu aniambie: hapo mwezi una hatia au hauna?

Mwanafunzi wa Uvuvi, Maseno:

Mama, nimelisoma swali lako mara tatu. Katika masomo yetu jambo hilo lina heshima yake: mwezi unagusa kiumbe kimoja, kile kinamgusa kingine, mpaka unafika kwa mtu. Mwaka 1986 mtafiti Maciej Gliwicz aliandika kuhusu bwawa la Cahora Bassa, Msumbiji. Vijidudu vinavyoelea majini hujificha chini mchana, giza likiingia vinapanda juu kula. Siku zinazofuata mwezi mpevu, jua linazama na mwezi bado haujatoka, kwa hiyo vinapanda vikidhani ni salama. Halafu mwezi unachomoza ghafla, dagaa wanaviona vyote, wanavimaliza. Na katika ziwa letu hili la Victoria yuko mdudu anayeitwa Povilla adusta. Mwaka 1955 iliandikwa kwamba hutoka majini kwa makundi kuruka, hasa usiku wa pili baada ya mwezi kupevuka.

Mzee mlinzi, na hili ni la kwako. Mwaka 2011 Craig Packer na wenzake walichapisha uchambuzi wa mashambulizi ya simba kwa wanavijiji wa Tanzania, tangu 1988 hadi 2009. Hatari haikuwa kubwa usiku wa mwezi mpevu. Ilikuwa kubwa siku zinazofuata, zile saa za kwanza za jioni, kwa sababu kila siku mwezi unachelewa kwa dakika 50 hivi na giza linarudi wakati watu bado wako njiani. Simba alikosa kula kwenye mbalamwezi, sasa ana njaa, na mtu hamwoni.

Muuguzi wa Usiku, Nakuru:

Nimesoma yote, nimefurahi. Mimi nafanya zamu za usiku hospitalini hapa Nakuru, lakini nimezaliwa Likoni, kwa hiyo nimekua na mwezi ufuoni kabla ya kukutana nao wodini.

Kaka wa boda, nianze na wewe. Bahari inavutwa, ni kweli. Ila kinachoinua maji ni tofauti ya mvuto kati ya upande wa dunia unaoelekea mwezi na upande wa pili, na dunia ina unene wa zaidi ya kilomita 12,700. Wewe na abiria wako mna urefu wa mita moja na kitu. Hata Ziwa Victoria lote, kwa upana wake ule, halijai na kupwa kwa mwezi kiasi cha mtu kuona kwa macho, na Mombasa siku ya bamvua, yaani bahari inapojaa kupita kawaida, maji hupanda zaidi ya mita 3. Halafu kuna hili ambalo mvuvi yeyote wa kwetu atakuambia bila kitabu: bamvua huja mara mbili, mwezi ukipevuka na tena ukiandama, wakati usiku ni giza. Kama ni maji ya mwilini, watu wangechanganyikiwa siku za mwandamo vile vile. Umewahi kumsikia nani akilaumu mwezi mwandamo?

Mzee, kuhusu usingizi kuna kitu, ingawa hakijatulia. Mwaka 2013 Christian Cajochen na wenzake wa Basel, Uswisi, walirudi kwenye vipimo vya usingizi walivyokuwa wamevichukua miaka ya nyuma kwa kazi nyingine: watu 33 waliolala maabara, bila mwanga wa nje, bila kuambiwa lolote kuhusu mwezi. Karibu na mwezi mpevu walilala dakika 20 pungufu, na mawimbi ya ubongo ya usingizi mzito yalipungua kwa asilimia 30. Mwaka uliofuata watafiti wengine wakachunguza watu 470, hawakukuta kitu hicho. Kisha mwaka 2021 ukatoka utafiti wa jamii za Watoba wa Argentina, wengine wakiwa na umeme, wengine hawana. Walivaa mkononi kifaa cha kurekodi usingizi. Usiku tatu hadi tano kabla ya mwezi kupevuka walichelewa kulala na kulala kidogo, na wanafunzi wa chuo kikuu jijini Seattle walionyesha mwelekeo huo huo. Kabla ya kupevuka mwezi huwa umeshapanda jua linapozama, kwa hiyo jioni ina mwanga na watu wanakesha wakifanya yao. Mimi hilo la Argentina naliamini zaidi, maana linafanana na utoto wangu. Usiku wa mbalamwezi hakuna mtoto Likoni aliyekubali kuitwa ndani.

Lakini vurugu, wazimu, fujo? Mwaka 1985 James Rotton na Ivan Kelly walikusanya tafiti 37 za namna hiyo wakazipima kwa pamoja. Hawakukuta uhusiano wenye maana.

Kwa nini basi tunauona? Nikuambie ya wodini. Usiku ukichemka na mwezi uko nje, mtu atasema, si mnaona mwezi. Usiku ukichemka bila mwezi, tunasema ni mwisho wa mwezi, watu wamelipwa. Usiku wa mwezi mpevu ukiwa mtulivu hakuna anayesema neno, tunakunywa chai mpaka asubuhi. Mwaka 1967 mwanasaikolojia Loren Chapman aliupa mtindo huo jina lake, uhusiano wa kudhaniwa: vitu viwili vikikutana mara moja kwa kishindo, akili inavifunga pamoja, na zile mara nyingi visizokutana hazihesabiwi. Wauguzi tumo, madaktari wamo.

Mzee, una kitabu cha matukio. Kihesabu. Usihesabu unayoyakumbuka, hesabu yaliyoandikwa na tarehe zake.

Mlinzi wa Geti, Kisumu:

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nahesabu.

Kitabu cha kampuni kikijaa kinachukuliwa, lakini mimi huandika tena kwenye daftari langu, tabia niliyoiga kwa marehemu baba aliyekuwa karani wa pamba. Jumapili nilitoa madaftari mawili, la 2018 na la 2019. Mimi nikasoma tarehe, kijana wangu akatafuta kwenye simu mwezi ulikuwaje usiku huo. Kwa miaka hiyo miwili kuna matukio 58: waliojaribu kukata waya, walevi waliogonga geti, ugomvi wa madereva, mbwa aliyeng'ata mpita njia, na kadhalika. Tukachukua usiku wa mwezi mpevu, ule wa kabla yake na ule wa baada yake, yaani siku tatu katika kila siku 29 na nusu. Kijana akasema kwa bahati tu yangeangukia hapo kama matukio 6. Yalikuwa 5. Nikamwambia hesabu tena, kama nilivyomwambia kuhusu zile picha. Yalikuwa 5. Nikatazama pia zile siku za baada ya mpevu alizosema mwanafunzi wa Maseno, sikuona kitu, ingawa hapa kwetu kuna taa za barabarani na simba hakuna.

Halafu tukafika kwa yule kijana wangu wa machozi.

Mwandiko ni wangu, wino wa bluu umevuja pembeni. Imeandikwa hivi: "6/2/2019, saa 9.10 usiku, mtu mmoja ndani ya uwanja, hana silaha, hajaiba." Mwanangu akaangalia simu, akanyamaza, akanigeuzia kioo nisome mwenyewe. Mwezi ulikuwa ndio kwanza umeandama. Ule uzi mwembamba ulizama mapema jioni. Saa tisa usiku hakukuwa na mwezi angani Kisumu, hata wa kipande.

Nilitoka nje nikaketi. Jamani, ule mwanga juu ya uso wake nauona hata sasa ninapoandika. Ningeapa mahakamani. Jioni nikaenda kazini kama kawaida, na karibu saa tatu nikasimama pale alipoketi, kati ya malori. Nikatazama juu. Kuna taa kubwa nyeupe ya mlingoti iliyofungwa wiki ya Krismasi ya 2018. Inamulika pale pale. Kivuli changu kilikuwa kimelala kwenye changarawe upande ule ule ninaoukumbuka.

Sista, nani aliniwekea mwezi pale?

Muuguzi wa Usiku, Nakuru:

Mzee, wewe mwenyewe, na hukusema uongo hata kidogo.

Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer wa Marekani waliwaonyesha wanafunzi 150 filamu fupi ya magari yanayopata ajali. Hamsini wakaulizwa magari yalikuwa na kasi gani "yalipogongana". Hamsini wengine wakaulizwa kwa neno kali zaidi, "yalipopondana". Waliobaki hawakuulizwa kasi. Wiki moja baadaye wote wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Katika filamu hakukuwa na kioo chochote kilichovunjika. Waliosikia neno kali, 16 walisema waliviona. Waliosikia neno la kawaida, 7. Neno moja lilitosha kuvunja vioo ndani ya kumbukumbu zao.

Wewe tangu 2019 umesikia mara ngapi getini kwamba mbalamwezi inavuruga watu? Kila ulipokisimulia kisa chako, akili ilikifungua, ikakiweka sawa na kile wenzako wanachosema, ikakifunga tena. Mwanga mweupe ulikuwepo kweli. Kivuli kilikuwepo. Ilibaki kuwekwa chanzo tu, na chanzo kilikuwa mdomoni mwa kila mtu.

Mlinzi wa Geti, Kisumu:

Nimesoma jibu lako mara nyingi, sista. Daftari halina neno lolote kuhusu chai, wala kifungo, wala mama yake. Nimewaza sana hilo. Lakini kifuniko cha thamosi kina ufa mdogo tangu usiku ule, aliponirudishia kikaanguka, na huo ufa ninao hapa mkononi.

Mwalimu, jana mwezi ulipevuka. Nilikuwa na ndengu yangu kwenye njiti, nimeibandika kwa gundi ya viatu. Saa moja kasorobo ukachungulia juu ya Nandi, ungo ule ule, mwekundu. Nikanyoosha mkono, nikafumba jicho. Punje iliufunika wote, ukabaki uzi wa mwanga upande mmoja. Ungo mzima nyuma ya ndengu moja! Nikachukua bomba la gazeti. Ukanywea huku nautazama. Nikaondoa gazeti, ukawa ungo tena. Nilifanya hivyo mara nane au tisa. Najua jibu, umenieleza vizuri, na bado kila nikiondoa gazeti ulikuwa ungo.

Mwenzangu wa geti la pili akaja kuuliza nafanya nini. Nikampa njiti. Akapima, akaishusha, akautazama mwezi kwa macho mawili, akapima tena, akaniuliza nani amenifundisha hii. Saa sita tukasimama pamoja katikati ya uwanja, vichwa nyuma. Punje ile ile, uzi ule ule.

Mama Omena, swali lako kuhusu hatia ya mwezi nimempelekea na yeye, tumebishana hadi saa nane. Yeye anasema hauna. Mimi nasema unayo kidogo, kwa upande wa omena.

Kabla ya kutoka asubuhi niliandika kwenye daftari kitu ambacho kwa miaka kumi na mmoja sijawahi kukiandika: tarehe, "mwezi mpevu, hakuna tukio."